Korona na Ofisi ya Mtaa: Tujipange Kabla ya Janga Lingine

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Nimeulizwa mara kadhaa huku mitaani: ugonjwa kama Korona ukirudi, serikali ya mtaa na halmashauri zitatusaidia nini? Nitajibu kwa niliyoyaona hapa Kilakala, kisha niseme la kufanya sasa.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikafungwa, vyuo vikafuata. Wengi wanakumbuka hofu. Mimi nakumbuka zaidi mboga. Hapa Kilakala tuna sekondari ya bweni ya wasichana, na mjini kuna SUA na vyuo vingine. Wanafunzi walipoondoka, waliondoka walaji wa kabichi, maharage na ndizi. Akina mama wanaoshuka na mizigo kichwani kutoka milimani Uluguru walifika sokoni wakakuta mzigo hauna mnunuzi. Maharage yanaweza kusubiri, mchicha hausubiri. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Kwa mwenye mtaji wa elfu hamsini, miezi mitatu kama hiyo inatosha kuumaliza wote.

Serikali yetu haikufunga masoko. Wenzetu Uganda walifungiwa ndani, na serikali yao ikagawa unga kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu katika kaya zenye uhitaji za Kampala na Wakiso. Kwetu hakukuwa na mgao wa namna hiyo. Msaada wa kwanza tulioupata ni soko kubaki wazi, na kazi ya kulifanya liwe salama ikaangukia watu wa chini: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, uongozi wa soko na sisi wataalamu wa kata. Zikawekwa ndoo za koki za kunawia mikono. Mama mmoja muuza mboga akaniuliza, "Bwana shamba, ndoo tumeiona. Sabuni ikiisha ananunua nani?" Lilikuwa swali la maana kuliko hotuba zetu. Pale wauzaji walipokubaliana kuchanga shilingi mia kila mmoja kwa wiki, ndoo haikukauka. Pale waliposubiri iletwe sabuni nyingine, ndoo iligeuka pambo.

Msaada wa pili ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, bila riba. Haikuanzishwa kwa ajili ya Korona, ilikuwapo kisheria tangu 2018. Lakini kwa aliyekula mtaji, ndio mlango uliokuwa karibu. Nawajua akina mama wawili waliouza mboga eneo moja. Mmoja alikuwa kwenye kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na daftari la mihtasari. Kikundi chake kiliomba, kikapata. Wa pili alikuwa akiamka mapema kuliko mwenzake na kuuza zaidi, ila alifanya kazi peke yake. Aliambiwa aje na kikundi. Alikiunda, lakini karatasi zilipomaliza kupita mtaani, kata na halmashauri, yeye alishakuwa anafanya vibarua vya palizi kwenye mashamba ya watu. Hakuwa mvivu. Jina lake tu halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Msaada wa tatu ulikuja Oktoba 2021: mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20, kwa kutumia mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa halmashauri na kamati za shule. Fedha hizo zilipita karibu na milango yetu: saruji, mchanga, mbao, chakula cha mafundi. Mfanyabiashara mwenye TIN na risiti aliweza kuuza. Asiye navyo aliangalia gari la mzigo likipita.

Kwa hiyo fanya haya sasa, kabla ya janga:

1. Sajili kikundi mapema. Mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa Aprili 2023 ikarejea mwaka wa fedha 2024/2025 kwa utaratibu mpya. Masharti hubadilika, hivyo muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, usimuulize jirani.

2. Andika mauzo yako kila siku, hata kwenye daftari la shule. Anayekopesha anataka kuona biashara kabla haijaumwa.

3. Hudhuria mkutano wa mtaa au kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa. Uliza pale kama kuna fungu la dharura na nani anasimamia usafi wa soko.

4. Usilime kwa mteja mmoja. Kama unapeleka shuleni, panda pia kinachokaa ghalani: mahindi, maharage, vitunguu. Mboga za majani zinazobaki, jifunze kuzikausha.

5. Wekeni akiba ya kikundi. Hisa za kila wiki ndizo zitakazonunua sabuni na mbegu wakati barua yenu bado iko mezani kwa mkubwa.

Halmashauri ina uwezo wa kusaidia, na mara kadhaa imesaidia. Lakini msaada wake hupita kwenye orodha, na orodha huandikwa wakati wa amani. Kama kikundi chenu hakijui kuandaa katiba, njooni ofisi ya kata na wanachama wasiopungua watatu. Tutaianza siku hiyo hiyo.