Tulidhani ni malaria, kumbe fangasi ubongoni

Mwanangu alipotimiza miezi tisa nilimpeleka kliniki hapa Tarime kuchanjwa surua na rubela. Nikiwa kwenye foleni, wifi yangu akapiga simu kutoka Mugumu: mdogo wangu ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka.

Kichwa kilikuwa kimemuuma wiki tatu. Zahanati moja walimpa dawa ya malaria, baadaye sindano za taifodi. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba karogwa. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia ARV. Alikuwa ameziacha zaidi ya mwaka, kimya kimya, na mimi dada yake sikujua.

Tukaishia hospitali ya rufaa Mwanza. Daktari akataka kutoa maji ya uti wa mgongo. Baba akakataa, kwetu kila mtu ana habari za fulani "aliyepoozeshwa" na sindano hiyo. Daktari akakaa naye kwenye benchi: "Mzee, maji hayo ndiyo yanayombana ubongo. Tukiyapunguza atapata nafuu." Kesho yake mdogo wangu akatuita kwa majina.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi iitwayo kriptokokasi. Inaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunaivuta kwa pumzi, na mwenye kinga nzuri kwa kawaida haimsumbui. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. (Mama alikuwa ameshatoa magodoro ya watoto nje!)

Kadi ya kliniki ilikuwa bado mkobani. Nikamuuliza muuguzi, huyu naye si achanjwe?

"Dada, chanjo inafundisha askari wa mwili. Wa huyu wamekwisha, itamfundisha nani?"

Watafiti wanajaribu chanjo za fangasi kwa wanyama, na wapo wanaofikiria kuziunganisha na dawa. Kwa binadamu bado hakuna hata moja iliyoidhinishwa. Kilichopo ni dawa: dripu ya amfoterisini, kisha flukonazo kwa mwaka na zaidi. ARV walizisogeza mbele wiki nne hadi sita, tukaogopa kweli. Kumbe kinga ikiamka ghafla fangasi ikiwa bado nyingi, ubongo unaweza kuvimba.

Kinachoniuma ni kwamba kuna kipimo cha damu kinachoibaini fangasi hii kabla kichwa hakijauma. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa 2015, uliwahusu watu walioanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200. Waliopimwa hivyo na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo, vifo vyao vilipungua kwa 28%. Kutembelewa na mtu wa kuuliza tu, dawa umemeza? Mtu huyo ningeweza kuwa mimi.

Juzi mtoto kachomwa ile ya miezi 18, akalia sana. Mdogo wangu akambeba. "Lia tu, mjomba. Mimi nimeulizia yangu, wanasema haijafika."

Kisha akatazama saa, akaniomba maji ya kumezea vidonge.