Kapata: mtoto akipita siku 28, mama anarudi kuhesabu makuta

Mtoto alianza kuwaka moto usiku wa Jumapili. Mama yake, muuza makala kwenye soko dogo la Kapata, alimpangusa na kitambaa cha maji, akangoja kuche. Si kwamba hakujua ugonjwa. Malaria anaijua kama kila mama wa hapa. Alingoja kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ambayo mteja wake mmoja alikuwa amlipe deni la gunia mbili. Nyumbani mlikuwa franka 6,000, na ndani ya hizo 6,000 ulikuwemo unga wa bukari wa siku mbili.

Jumatatu deni halikuja. Jioni mtoto, mwenye miezi kumi na minne, akakataa kunyonya. Mama akamfunga mgongoni na kupanda pikipiki kwa mkopo, dereva akiwa mtoto wa jirani.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpokea vizuri.

“Mama, ikala hapa. Mutoto iko na homa tangu siku gani?”

“Tangu jana, munganga.”

“Jana asubuhi ao usiku?”

“Usiku.”

“Basi tumupime mbiombio. Fishi utalipa kiisha.”

Kipimo kilionyesha malaria. Kipimo chenyewe na dawa yake havikulipishwa. Lakini viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe, damu ilikuwa imepungua sana, na kituo hakina damu ya kumtilia mgonjwa. Mama akaandikiwa karatasi ya kumpeleka mjini, na huko ndiko hesabu ilikoanzia. Fishi, maabara, damu, mpira wa kutilia damu, glavu, serumu, kitanda. Siku tatu zikafika franka 148,000. Mtoto akapona. Mama akabaki.

Katika Kongo yetu neno hilo kila mtu analielewa. Dokta ameandika kwamba mgonjwa anaweza kwenda nyumbani, lakini mlinzi wa mlango anaomba karatasi ya malipo, na bila karatasi ile hutoki. Mama wa makala alibaki siku nne na mtoto mzima mikononi, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda, na kila usiku kitanda kikiongeza franka 4,000 juu ya deni. Siku ya nne lilikuwa 164,000.

Watu wanawatukana waganga kwa desturi hii, na ni haki yao kukasirika. Lakini wauguzi wengi wa nchi hii hawapati mshahara wa serikali, ao wanapata kidogo, na kinacholisha watoto wao ni sehemu ya zile franka za wagonjwa. Mgonjwa akitoka bila kulipa, muuguzi ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu. Maskini amewekwa kumfunga maskini mwenzake.

Aliyekwenda kumtoa ni mzee jirani, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines. Mzee huyu bado anaitunza karti yake ya zamani ndani ya Biblia, ingawa haifungui tena mlango wa hospitali yoyote. Yeye ni wa kizazi kilichoona Kapata ikiwa cité ya wafanyakazi kweli: nyumba za kampuni, shule ya kampuni, mposho mwisho wa mwezi, na mtoto akiugua unampeleka bila kuuliza bei. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kampuni nayo ikafuata. Mishahara ikakatika miezi na miezi, na mwaka 2003 ikaja mipango ya kuondoka kwa hiari, ambamo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea kitu kidogo cha mkononi na kwaheri. Pamoja na kazi ikaenda na hospitali.

Wazee wakisimulia enzi ile, macho yao yanang'aa. Wanasahau jambo moja. Matunzo yale yalikuwa ya mwenye kazi na watu wa nyumbani mwake. Mjane aliyeuza samaki sokoni, ao mkulima wa kijiji cha pembeni, hakuwa na karti hata wakati ule wa mposho.

Na leo mpaka umebaki palepale. Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na familia yake wakiugua. Mwenye mkataba mzuri katika kampuni kubwa ya shaba na kobalti ana karti, na ukitembea Kolwezi mjini utaona kliniki zinazomngoja. Anayefanya kazi kupitia kampuni ndogo ya kukodisha watu, leo yumo, kesho hayumo, hana uhakika wa kitu. Na mume wa mama wa makala, anayeshuka shimoni na kamba na tochi, mwajiri wake ni nani? Anayenunua mawe yake? Hakuna sheria inayomlazimisha mnunuzi wa mawe kumtibu mtoto wa mchimbaji.

Serikali haikukaa kimya. Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Desemba 2018 ikatoka sheria ya afya ya umma, na Machi 2023 ikarekebishwa ili iingie habari ya matunzo kwa watu wote, pamoja na mfuko wa mshikamano wa kulipia. Tarehe 5 Septemba 2023, huko Kinshasa, Raisi Félix Tshisekedi akazindua uzazi wa bure, mpango unaopelekwa jimbo kwa jimbo: kupimwa mimba, kuzaa, hata kuzaa kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga mpaka siku 28.

Ni jambo kubwa, na anayelicheka hajawahi kuona mama amefungiwa wodi ya uzazi. Lakini mtoto hafi tu kabla ya siku 28. Mtoto wa Kapata anaanza kutambaa kwenye vumbi la barabara ya malori, anaumwa na mbu, anakunywa maji ya kisima kisicho na kifuniko. Siku ya 29 anaingia katika bei ya kila mtu. Yule wa mama wa makala alikuwa amezidi kwa miezi kumi na mitatu.

Deni lililipwa hivi. Likelemba ya akina mama wa avenyu yao ina watu 15, kila mmoja anatoa 5,000 kwa juma. Aliyekuwa na zamu ya juma lile akasema: “Kamata, yaya. Mimi nitangoja.” Hizo zikawa 75,000. Mzee akapita kanisani na kwa majirani, akarudi na 40,000. Simu ya mama na magunia yaliyobaki yakauzwa 35,000. Mume akaleta 14,000 kutoka shimoni. Mlinzi akaipokea karatasi, akasema hata, “Safari njema, mama.”

Baada ya hapo wale mama 15 wakafanya jambo ambalo maofisa wangeliita mituele. Wao waliliita kisanduku. Juu ya 5,000 za likelemba, kila mmoja anaongeza 1,000 ya ugonjwa. Zinapatikana 15,000 kwa juma, zinaandikwa kwenye daftari la shule, na ufunguo unakaa kwa mtu mwingine. Kwa majuma tisa hakuna aliyelala hospitalini, na kisanduku kikafika 135,000. Avenyu nzima ilikuwa ikizungumza habari yake.

Juma la kumi binti wa mmoja wao akatobolewa utumbo na homa ya matumbo. Upasuaji, dawa na kitanda vikaomba 410,000. Kisanduku kikatoka chote siku moja na bado hakikufika nusu. Siku tano baadaye mama mwingine, mwenye presha, akaja kuomba 12,000 ya vidonge vya mwezi. Hakukuwa kitu.

Hapo ndipo ugumu wa bima unapoonekana, na haukutokana na uvivu wala wizi: watu 15 ni wachache mno. Ugonjwa mkubwa mmoja unamaliza kila kitu, na wote 15 ni maskini wa namna moja, bei ya makala ikianguka wanaanguka pamoja. Ndiyo maana nchi zinajaribu kuchanganya wengi, wenye mishahara na wasio nayo. Huko Kenya, tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara anakatwa 2.75 kwa mia, na asiye na mshahara analipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, lakini anatakiwa kuzitoa za mwaka mzima kwa mara moja. Muuza makala wa Kapata angeelewa haraka ubaya wa sharti hilo. Elfu moja kila juma anaweza. Elfu hamsini na mbili Septemba, wakati wa ada na madaftari, hawezi.

Makuta, kwa upande wake, yanapita mbele ya mlango kila siku juu ya malori. Kodeksi ya migodi ya 2018 inaziachia komini, sekta na usultani asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na kampuni inatakiwa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya wakaaji wanaoizunguka. Kwenye mikutano vijana wanaomba barabara na taa. Mara chache sana mtu anasimama kuomba damu kwa kituo cha afya.

Na kuna walio nje hata ya daftari. Mshika ufunguo wa kisanduku ni mama aliyehamishwa: mgodi ulichukua mtaa wao, kama Kasulo ilivyochukuliwa kwa sehemu mwaka 2017, naye akaja kupanga chumba Kapata. Karti yake ya kupigia kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, bado ina anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Siku msaada wa maskini utakapogawiwa, orodha itatoka kwa shefu wa mtaa, na jina lake litakuwa kwenye mtaa usiokuwepo. Wanaotoka Kivu na Kasai wana shida ileile. Wenzake wamemwambia aende kujiandikisha upya kwa shefu. Ameenda mara mbili, ameambiwa arudi na shahidi. Mzee wa Gécamines amekubali kuwa shahidi.

Jumamosi iliyopita wale 15 walikutana chini ya mwembe kuamua kama kisanduku kife ao kiendelee. Walikubaliana kiendelee, lakini hakuna mgonjwa atakayepewa zaidi ya 50,000, ili presha na homa nazo zipate. Mama wa makala akauliza, mtoto akiwa amesinzia mgongoni: “Na mimi ile siku, na 50,000, ningetoka?”

Hakuna aliyemjibu. Mshika ufunguo akafungua daftari, akaandika jina lake na 1,000 mbele yake, kisha akamwita anayefuata.