Hata Kizuri Hujitembeza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika soko ambalo muuzaji na mnunuzi walijuana kwa sura. Katika jiji la mamilioni ya watu, kizuri kisichotembezwa huozea ghalani. Ndiyo maana ninazitazama kwa heshima zile video fupi za wafanyabiashara wadogo ambazo baadhi ya wasomi wenzangu huziita upuuzi wa vijana.

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani, mhitimu wa sosholojia, ambaye leo anauza batiki jijini Dar es Salaam. Hana duka. Ana chumba, simu, na dirisha linaloingiza mwanga wa asubuhi. Video zake hazizidi dakika moja. Huloweka kipande cha batiki kwenye beseni la maji safi, hukifikicha kwa sabuni mbele ya kamera, kisha huonyesha kwamba maji hayajabadilika rangi. Hupima kitambaa kwa tepu ya fundi cherehani ili mteja auone urefu wake. Mwisho hutaja bei kwa sauti.

Hilo la mwisho laweza kuonekana dogo. Wauzaji wengi wa mtandaoni huandika "bei inbox", na mteja huhisi kwamba bei itategemea amedhaniwa kuwa nani. Anayetaja bei hadharani amejifunga mbele ya mashahidi. Mteja wa Mbeya au Kahama, anayelipa kwa simu na kungoja mzigo wake ushushwe stendi ya basi, hana kingine cha kushika ila kile alichokiona na kukisikia. Kwake yeye video ni ushahidi kabla ya kuwa tangazo.

Tusisahau pia wengine katika kundi hili walikotoka. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye kingo za barabara za Dar es Salaam na miji mingine, wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Wafanyabiashara walipewa amri ya kuhama, wateja hawakupewa. Wapo waliofuata maelekezo, wapo waliokata tamaa, na wapo waliohamishia meza zao kwenye kioo cha simu. Instagram, TikTok na WhatsApp zikawa kingo mpya za barabara, mahali ambapo tulidhani mgambo hafiki.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na siku kadhaa zikapita kabla haijarejea. Mjadala uliofuata ulihusu uhai wa watu uliopotea na haki ya raia ya kupata habari, na ilistahili kuwa hivyo. Sithubutu kuiweka biashara kwenye mizani moja na uhai. Hata hivyo, lipo jambo ambalo halikusemwa vya kutosha. Binti huyu alikuwa na mteja wa mkoani aliyekwisha kulipa, ambaye waliwasiliana kwa mtandao tu. Siku zote hizo za ukimya, mteja yule aliamini ametapeliwa. "Mwalimu," aliniambia baadaye, "duka langu halina mlango, lakini kumbe lina kufuli, na ufunguo hauko kwangu." Batiki ilifika, fedha haikupotea. Mteja yule hajaagiza tena.

Majirani zetu wanaufahamu msiba huu. Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ikazima intaneti.

Ndugu mtumishi wa umma, unajua kwamba halmashauri zetu hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunawahimiza wajiajiri, kisha tunawafungia soko bila taarifa wala muda wa kujiandaa. Intaneti huzimwa, ila tarehe ya marejesho ya mkopo haizimwi. Barabara ikifungwa kwa ajili ya matengenezo, hutolewa tangazo na njia mbadala. Anayefunga soko la mtandaoni anawajibika kueleza ni kwa sheria ipi, kwa muda gani, na nani atabeba hasara.

Kwenu wanaharakati, mnapoitetea intaneti msiishie kwenye uhuru wa maoni. Mleteni na muuza batiki atoe ushahidi wake. Viongozi wasiosikia hoja ya haki huenda wakasikia hoja ya mapato. Nanyi wanafunzi mnaouza vitu mabwenini kwa video, tajeni bei, onyesheni kasoro pamoja na uzuri, na kila mteja mpya mwandikeni namba yake ya simu kwenye daftari la karatasi.