Kwa Mpwa Anayetaka Kununua Timu

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amesema umevua sare za jeshi la wanamaji, malori yako yameanza kuleta faida, na sasa unataka kununua timu ya soka. Kabla hujatia sahihi popote, mjomba wako anakuomba umjue Ralph Wilson wa Marekani, aliyeipita njia hiyohiyo.

Wilson alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1918, akakulia Detroit. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, akahudumu kwenye meli za kuondoa mabomu ya baharini, Atlantiki na Pasifiki. Vita vilipokwisha aliingia katika biashara ya bima ya baba yake, kisha akaitanua hadi migodi, viwanda, malori ya mizigo, redio na televisheni. Mtaji ulitangulia, mchezo ukafuata.

Mwaka 1959 tajiri kijana wa Texas, Lamar Hunt, alikuwa akitafuta wenzake wa kuanzisha AFL, ligi mpya ya futiboli ya Kimarekani ya kushindana na NFL, ligi kongwe ya mchezo huo. Wilson alitaka timu yake iwe Miami, lakini hakupata uwanja huko. Akachagua Buffalo, mji wa viwanda na theluji nyingi mpakani mwa Kanada, akalipa dola 25,000 za kuingia. NFL ilikuwa na nguvu kiasi kwamba waanzilishi hao walijiita wenyewe klabu ya wapumbavu.

Lakini tazama alivyoendesha mambo. Oakland Raiders ilipokaribia kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wilson aliikopesha dola 400,000. Hao walikuwa wapinzani wake uwanjani! Alijua kwamba ligi ikipoteza timu moja, ratiba huvurugika, televisheni hujitoa, na hasara huwafikia wote. Ligi hiyo iligawana sawasawa fedha za televisheni tangu msimu wake wa kwanza, mwaka 1960, na mwaka 1966 NFL ikakubali kuungana nayo. Buffalo Bills ya Wilson haikupungukiwa kwa ukarimu huo: ilitwaa ubingwa wa AFL mwaka 1964 na 1965.

Basi ukiingia ligini, usishangilie timu jirani inapokosa nauli. Isaidie ifike uwanjani.

Usidhani alikuwa malaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitishia kuihamisha timu mpaka akajengewa uwanja mpya Orchard Park, uliofunguliwa mwaka 1973. Mashabiki waliumia, na walikuwa na haki. Wewe usiwatie watu hofu ya namna hiyo. Dai lako lipeleke mezani, na vitabu vya hesabu vikiwa wazi.

Kisha yakaja majonzi ya uwanjani. Bills ilifika Super Bowl, fainali ya NFL, mara nne mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994, ikapoteza zote. Ya kwanza ilipotea kwa pointi moja, 20 kwa 19, dhidi ya New York Giants. Wilson hakuuza timu wala hakuhama.

Alipokaribia mwisho wa maisha yake, klabu iliingia mkataba wa uwanja wenye adhabu ya dola milioni 400 kwa atakayeiondoa Buffalo. Alifariki Machi 2014 akiwa na miaka 95. Mwaka huohuo timu iliuzwa dola bilioni 1.4 kwa Terry na Kim Pegula, nao wakaibakiza palepale. Taasisi yenye jina lake ilipewa dola bilioni 1.2 za kutumika zote kufikia mwaka 2035, katika maeneo ya Detroit na Buffalo. Mwaka 2018 ilitenga milioni 200 kwa bustani za umma na njia za kutembea na baiskeli katika sehemu hizo mbili.

Ukija Idi, leta daftari la hesabu za timu hiyo na rasimu ya mkataba. Tutatafuta kifungu kinachosema timu itabaki mji gani na mikononi mwa nani siku utakapochoka. Kama hakimo, tutakiandika kabla hujalipa hata shilingi.

Mjomba wako