Kwa Mpwa Wangu Aliyeko Mafinga

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia mmepata kazi ya kukagua umeme kwenye karakana ya mbao pale Kinyanambo, na wewe ndiye utakayeshika kipimo cha lupu. Nimefurahi sana, ila kuna jambo sitaki lisubiri.

Ukibonyeza kitufe cha kipimo hicho, umeme unatoka kwenye waya wa moto, unaingia waya wa ethi, unashuka kwenye rodi na kupitia ardhini kurudi transfoma. Waya wa ethi ukiwa mzima, hakuna anayehisi kitu. Ukiwa umekatika kabla ya rodi, umeme hauna pa kushukia, na volti zinazokaribia 230 zinaweza kujaa kwenye kila chuma kilichofungwa na waya huo: bodi ya randa, meza ya msumeno, fremu ya mlango. Wewe umeshika plastiki, uko salama. Atakayepigwa ni kijana anayefagia maranda chumba cha pili, mkono kwenye mashine, miguu peku kwenye sakafu mbichi.

Ndiyo maana unaanza na mein swichi ikiwa imezimwa. Pima mwendelezo wa waya wa ethi kutoka kila mashine hadi kwenye rodi, na klampu yenye kutu uikwangue. Ukifungua waya wa rodi ili upime, usiwashe umeme mpaka umeurudisha na kuukaza.

Kisha watoe watu. Kupiga kelele mlangoni hakutoshi. Ingia kila chumba, zunguka hadi nyuma ya rundo la mbao. Mlangoni weka mtu asiye na kazi nyingine, maana mama ntilie akileta chakula cha mchana huwa habishi hodi.

Ukishabonyeza na kupata jibu la lupu, lifikirie pia kwa niaba ya wanaobaki. Omu 20 kwa volti 230 ni ampea 11.5 tu, breka ya ampea 32 haitashtuka. Hapo lazima kiwepo kifaa cha kukata umeme ukivuja miliampea 30. Na kama mnapima Machi udongo umelowa, mwambie mwenye karakana mtarudi Oktoba, udongo ukishakauka.

Akigoma kusimamisha mashine, ahirisha kazi, umwambie mjomba ndiye aliyekataza. Ukimaliza kupima mwendelezo nipigie, kabla hujawasha.

Mjomba wako