Chanjo ya Mgonjwa Mmoja

Wanafunzi huniuliza: chanjo humkinga aliye mzima, yawezaje kumtibu aliyekwisha kushikwa na kansa? Swali hilo lanigusa, maana shangazi yangu alikufa kwa kansa ya kongosho.

Huko New York madaktari walikata uvimbe wa wagonjwa wa kansa hiyo. Alama za kila uvimbe zikasomwa, zikaandikwa katika ujumbe wa mRNA kwa ajili ya mgonjwa huyo peke yake. Mwili huusoma ujumbe, na askari wake hujifunza kumtambua adui aliyejificha.

Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba, kati ya wagonjwa 16, askari wa 8 waliamka. Hata kufika 2025 kansa ilikuwa imewarudia 2 tu kati ya hao. Kati ya wale 8 wengine, 7.

Ndugu msomaji, majaribio hayajakwisha. Anayekuuzia chanjo hiyo leo anakudanganya. Lakini usimwambie mgonjwa kwamba elimu imelala.