Brashi Isiyo na Unywele

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli, na wavivu wengi limewafichua. Walakini mithali hiyo humwonya mkulima peke yake. Juu ya mhunzi haisemi kitu. Jembe likilegea katika mpini wake, au likiwa zito kupita nguvu za mkono, mkulima hodari atalima, lakini atalima kwa taabu, na jua litakuchwa shamba halijaisha. Basi aibu ya shamba lisilolimwa si ya mkulima siku zote. Pengine ni ya mhunzi aliyefua jembe pasipo kuuliza litashikwa na nani.

Katika zama hizi liko jembe moja ambalo halina chuma wala mpini. Ni brashi iliyomo ndani ya programu za kompyuta za kuchorea na kutengenezea picha. Huitwa brashi, lakini haina unywele. Hupaka rangi, lakini hailowi. Wachoraji, wapiga picha na watayarishaji wa vitabu huishika kutwa, na riziki ya wengi wao hutoka katika ncha yake. Kwa hiyo swali la namna ya kuiboresha si la mafundi wa kompyuta tu. Ni swali la haki ya mkono.

Brashi hiyo si changa. Mwaka 1973 Richard Shoup alionyesha picha za kwanza za SuperPaint katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, nayo ilikuwa miongoni mwa programu za awali zilizomwezesha mtu kupaka rangi juu ya kioo cha kompyuta. Mwaka 1984 MacPaint ya Bill Atkinson iliitia brashi mikononi mwa watu wa kawaida, ijapokuwa kwa nyeusi na nyeupe tu. Na mwaka 1990 Photoshop ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ikaanza kuuzwa. Tangu hapo sura za brashi zimeongezeka, bali asili yake aghalabu ni ile ile: brashi hii ni muhuri. Mkono ukipita, kompyuta hugonga muhuri, husogea kidogo, hugonga tena, mpaka alama nyingi zilizopandana zionekane kuwa mstari mmoja.

Ndani ya muhuri huo ndimo ilimojificha kasoro ya kwanza. Muhuri wenye upana wa nukta 100, ukigongwa kila baada ya nukta 25, huacha alama 40 hivi katika mstari wa nukta 1,000, na jicho kali huona mawimbi katika kingo zake. Mchoraji akipunguza nafasi hata nukta 5, mstari hulainika, lakini alama hufika 200, na kazi ya kompyuta huongezeka mara tano. Tena rangi ikiwa nyepesi, alama hizo zilizopandana huikoleza, hata mstari uliokusudiwa kuwa kama moshi huwa kama lami. Mchoraji aliomba ulaini, akapewa weusi. Fundi mwenye huruma huiamuru programu ipime yenyewe wingi wa alama na kupunguza rangi ya kila moja, ili jambo moja likibadilishwa, jingine lisiharibike.

Wako waliotafuta njia nyingine, ya kuirudishia brashi unywele wake. Mwaka 1986 Steve Strassmann alieleza brashi iliyofikiriwa kuwa ni safu ya nywele, kila unywele ukiwa na wino wake. Wino ukipungua, mstari hukatikakatika na kuacha michirizi mitupu, kama ilivyo katika michoro ya wino ya Kijapani. Fikira hiyo ilikuwa na adabu kubwa, maana ilianza kwa kuutazama mkono na karatasi, haikuanza kwa kuitazama kompyuta.

Jambo la pili ni mkazo. Kalamu nyingi za vibao vya kuchorea siku hizi hutangazwa kwa ngazi 8,192 za mkazo, na mnunuzi hudhani kwamba wingi ndio wema. Sivyo. Mtu mwenye mkono mwepesi aweza kuchora miaka mingi asizifikie ngazi za juu. Mwenye mkono mzito huzifikia mara moja, na kila mstari wake huwa mnene. Waandishi wa Siyu na Lamu walionakili misahafu zamani walilijua jambo hili pasipo hesabu. Kalamu ya mwanzi huchongwa, na ncha yake hukatwa kwa mshazari unaomfaa mwenye kuishika, kwa kuwa unene na wembamba wa herufi hutoka katika mshazari huo. Brashi njema hufanya vivyo hivyo. Humwomba mchoraji avute mistari michache, ya upole na ya nguvu, kisha hujichonga kwa kipimo cha mkono wake.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo. Programu nyingi sasa zina msaada wa kutuliza mstari. Kompyuta hukusanya mahali kalamu ilipopita kwa muda mfupi, hutafuta wastani, na mtetemo hutoweka. Msaada huu ni rehema kwa mtu ambaye mkono wake hutetemeka kwa ugonjwa au uzee, na kwa achoraye kwa kipanya. Lakini una gharama. Mstari hubaki nyuma ya mkono, na pembe kali huviringika. Tena iko gharama isiyoonekana upesi: msaada ukizidi, mistari ya watu mia hufanana kama sare za askari. Mtetemo mwingine ni kosa. Mwingine ni sauti ya mtu. Mchoraji asiyeweza kuutambua mstari wake miongoni mwa mistari ya wengine amepewa urembo akanyang'anywa jina. Basi msaada na uwepo, bali uwe mtumishi aitwaye, usiwe mgeni aliyejikaribisha. Uonekane wazi unapofanya kazi, upunguzwe kwa tendo moja, na ukome kabisa unapokatazwa.

Rangi nayo ina kisa chake. Mtoto aliyepewa rangi za maji hujifunza upesi kwamba buluu na manjano huzaa kijani. Katika programu nyingi, buluu kamili na manjano kamili zikichanganywa nusu kwa nusu huzaa kijivu. Sababu ni kwamba kompyuta huhesabu wastani wa mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu. Lakini rangi ya kopo ni chembe zinazomeza mwanga na kuutawanya. Paul Kubelka na Franz Munk walitoa hesabu za jambo hilo mwaka 1931. Majaribio ya kuzitia katika kompyuta yalifanywa, bali hesabu zenyewe hazikupatana kwa urahisi na namba tatu ambazo programu zimezoea. Mwaka 2021 Šárka Sochorová na Ondřej Jamriška walionyesha njia ya kuzipatanisha. Miaka 90 ilipita kati ya hesabu ile na njia hii, na muda wote huo kijani cha mtoto kilikuwa kweli.

Yabaki maradhi ya wingi. Programu humpa mchoraji brashi mia, na kila brashi ina vipimo vyake pembezoni mwa kioo. Kila mara jicho linapoiacha picha kwenda kutafuta kipimo, fikira hukatika. Hapo mkulima hugeuzwa kuwa mchagua jembe, naye hakutaka. Brashi chache zenye tabia inayojulikana, ambazo ukubwa na rangi yake hubadilishwa pale pale ncha ilipo, zina faida kuliko ghala lililojaa.

Mhunzi afanyeje basi? Na aende shambani. Aketi nyuma ya mchoraji, asimfundishe, wala asikitetee chombo chake. Pale mkono unaposita ndipo panapohitaji nyundo.